Hati ya Profesa Shadrack
Shadrack alishuka kwenye treni ya Mpanda mwaka 1996 akiwa na suti moja, mkoba mtupu na njaa ya siku mbili. Kabla hajamaliza chai ya kukopa pale stesheni, akamsikia mfugaji wa Kisukuma, Mzee Ngusa, akilalamika kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe.

"Wale vijana wa misaada kule Katumba, kambi ya wakimbizi, wanaendesha magari ya eriali ndefu kwa sababu gani? Wanajua Kifaransa na Kiingereza! Binti yangu Nyamizi anajua nini? Kuswaga ndama!"

Shadrack akaweka kikombe chini.

"Mzee wangu, samahani kuingilia. Mimi ndiye Profesa Shadrack. Nimetumwa kufungua hapa Mpanda shule ya lugha hizo hizo mbili."

"Umetumwa na nani?"

"Ah, mzee! Mambo ya kimataifa hayo, hayasemwi kwenye chai."

Wiki haikuisha. Ghala kuukuu la tumbaku likapakwa chokaa, kibao kikapigiliwa, ada ikatangazwa: ng'ombe mmoja, mtamba, kwa kila mtoto. Wafugaji wakaleta bila kuuliza. Wakulima wa Usevya, ambao kwao kumpata ng'ombe si mchezo, wakachangishana mpunga, wakauza, wakanunua. Zizi nyuma ya ghala likajaa, na Shadrack akawa akilipitia kila asubuhi kwa mapenzi ambayo darasani hakuyafikisha. Shule ingefunguliwa rasmi Jumamosi. Jumapili lori la Sumbawanga lingebeba ng'ombe wote, pamoja na profesa wao.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Kifaransa chote cha Shadrack kilikuwa "bonjour", nacho alikiokota kwenye chupa ya manukato. Akamfuata Vénérande, Mrundi aliyekuwa akiuza vitumbua pale stesheni, mwalimu wa miaka mingi kwao kabla vita havijamkimbiza.

"Dada, siku tano tu. Wafundishe salamu na wimbo, wazazi wafurahi."

"Na siku ya sita?"

"Ya sita tutaona, Mungu akipenda."

Vénérande alimtazama usoni, akautazama na ule mkoba mtupu, akamjua ni tapeli. Lakini miaka mitatu alikuwa hajashika chaki. Akakubali.

Kufikia Alhamisi Nyamizi alikuwa akisoma maneno mafupi ubaoni na kuwafundisha wenzake kwa ukali kumpita mwalimu. Jioni hiyo dereva wa lori, kitumbua mdomoni, akajisifu kwamba amekuja kubeba ng'ombe wa profesa. Vénérande akaelewa yote. Watoto wale wangebaki na wimbo tu! Hakugombana na mtu. Alikwenda dukani akanunua karatasi nzuri.

Jumamosi, mbele ya wazazi wote, akamkabidhi Shadrack karatasi hiyo.

"Profesa, shule kubwa zote hufunguliwa kwa hati. Nimeiandika kwa Kifaransa. Isome, kisha utie sahihi."

Mtu mwingine angeumwa tumbo ghafla. Shadrack, kwa ushujaa unaostahili jambo bora zaidi, alikohoa, akapitisha macho taratibu, akaitikia kwa kichwa pale alipodhani panafaa.

"Safi sana! Tena hapa katikati umenigusa moyo."

Akatia sahihi. Akaongeza na dole gumba, bila kuombwa.

"Sasa Katekista Telesphor, aliyefundishwa lugha hii na mapadri, awasomee wazazi kwa Kiswahili," akasema Vénérande.

Mzee mmoja akainuka mstari wa nyuma, akavaa miwani.

"'Mimi Shadrack nakabidhi ng'ombe wote kwa kamati ya wazazi, chini ya Mzee Ngusa. Maziwa ni ya wanafunzi. Mwalimu mkuu ni Mama Vénérande. Mimi nitawachunga ng'ombe hao, na jioni nitasoma darasa la kwanza, kwa kuwa Kifaransa sikijui hata kidogo.'"

Vigelegele! Ngusa alimkumbatia mpaka suti ikachanika kwapani. "Wabeja! Asante, Profesa! Unyenyekevu gani huu!"

"Ngojeni kwanza! Mimi sikui..."

"Hukuielewa, Profesa?" Vénérande akauliza kwa upole.

Shadrack akawatazama wafugaji. Kila mmoja alikuwa na fimbo yake.

"Nimeielewa," akasema kwa sauti ndogo. "Neno kwa neno."

Lori likarudi Sumbawanga tupu. Mara mbili Shadrack alijaribu kutoroka, na mara mbili vijana wa Ngusa wakamrudisha kwa heshima zote, wakimpa pole kwa kupotea njia. Shule ikakua. Yakaongezeka madarasa mawili ya matofali ya kuchoma, akapatikana mwalimu wa Kiingereza, watoto kutoka Kabungu wakaja kupanga vyumba mjini. Shadrack alichunga na kusoma, Nyamizi akimcheka matamshi.

Siku moja mwaka 1999, akisubiri chai ofisini, akaanza kuisoma ile hati, sasa imewekwa kwenye fremu ukutani, kidole juu ya kioo. Akafika chini kabisa, kwenye mstari ambao Telesphor hakuwasomea watu: *Siku Shadrack atakapoisoma hati hii mwenyewe, yuko huru kwenda zake.*

Machozi yakamtoka, akashangaa ni ya nini.

"Mama Mkuu! Nimeisoma! Nimeisoma yote!"

"Hongera," akasema Vénérande bila kuinua macho kwenye madaftari. "Treni inaondoka saa saba."

Shadrack alisimama pale mlangoni mpaka treni ikapiga honi, ikaondoka.

"Mama Mkuu, darasa la pili wanaanza saa ngapi?"

"Saa kumi. Na usichelewe."