Idara ya Utenganisho wa Pande

Ilitangazwa rasmi, kwa bango na kwa kipaza sauti, kwamba kuanzia Jumatatu hiyo Bulgaria ingekuwa na barabara kuu iliyogawanyika kikamilifu kuliko zote Ulaya. Aliyetangaza ni Evtim Karadimov, Mkurugenzi wa Idara ya Utenganisho wa Pande: kilomita kumi na tisa za vizuizi vya zege, bila upenyo hata wa paka. Evtim alivipenda vizuizi vile kama wenzake wanavyopenda wajukuu.

Vilipita katikati ya Dolni Brestak, kijiji alikozaliwa na anakoishi mpaka leo. Bibi Zlatka, mjane wa miaka sabini na mmoja, akabaki upande huu, shamba lake la pilipili hoho upande ule, na hoho zimeshaiva. Akaenda ofisini kuuliza avukie wapi. Evtim akamfafanulia kwa upole kwamba havuki. Anafanya mzunguko wa kimkakati, kilomita thelathini na nane kwa gari.

"Gari sina, mwanangu."

"Hilo ni suala la Idara ya Magari."

Bibi akashukuru, akarudi, akapandisha sketi, akaparamia. Majirani wakamfuata. Kufikia Ijumaa wanawake walikuwa wakirushiana magunia ya hoho juu ya zege huku wakicheka, naye Evtim akaandika kwenye ripoti kwamba wananchi wameupokea mradi kwa mikono miwili.

Siku ya uzinduzi Waziri alitoka Sofia na magari saba. Utepe ulikuwa upande wa magari yanayorudi Sofia. Evtim mwenyewe aliuchagua upande huo kwa ajili ya kivuli. Msafara ukasimama ng'ambo. Waziri na utepe wakatazamana, katikati zege la kufika tumboni.

Waziri, mnene, suti nyeupe, akauliza pa kugeuzia. Evtim akataja kilomita, sauti ikimpungua kila tarakimu. Ndipo Bibi Zlatka akaja na wanawake wanne waliotoka kuchoma hoho, mikono myeusi kwa masizi. Wakamnyanyua Waziri kama gunia, wakamvusha. Akakata utepe, akausifu ukuta kwa dakika arobaini, wakamrudisha vilevile. Suti ikaondoka na vidole hamsini.

Wiki iliyofuata barua ikafika. Evtim amehamishiwa kibanda cha kuhesabu magari, kilicho mkabala na nyumba yake, ng'ambo ya zege. Gari la ofisi alirejeshe leo hii.

Asubuhi akasimama mbele ya kizuizi, tai shingoni. Bibi Zlatka alikuwa juu tayari, mguu huku, mguu kule.

"Mkoba kwanza, Mkurugenzi," akamwambia, bila kucheka. "Tumbo litafuata."