Kompaila Mpya na Maji ya Mzenga

Jumatatu, 15 Septemba
Nimepewa kazi! Kompyuta ndogo ya kuendesha pampu ya maji kule Mzenga. Na mwenyekiti wa kamati ya maji ni nani? Mzee Mwishehe, baba yake Zubeda! Mshenga wangu, Mzee Abdulkadiri, alishapeleka posa. Jibu litatoka Jumamosi, maji yakitoka. Yasipotoka je? Sitaki hata kuwaza.

Jumanne, 16 Septemba
Atupele, mwenzangu hapa karakana Kibaha, anajifanya mwalimu. Kasema kerneli, ule moyo wa mfumo, niijenge kwa kompaila ya zamani, ileile iliyomjenga dereva wa pampu. Kompaila ndiyo programu inayogeuza tunachoandika kuwa lugha ya mashine; dereva ndiyo ile inayoiamrisha pampu. Eti aliyeanza ndiye amalizie, la sivyo havitaelewana. Wivu mtupu! Nimepakua kompaila ya mwaka huu. Zubeda haolewi na mtu wa vitu vya kizamani.

Jumatano, 17 Septemba
Maonyo skrini nzima, mekundu! Nikayazima yote. Kisha kerneli ikamkataa dereva: toleo la kompaila halifanani. Nikafuta namba ya toleo, nikaandika ile ya zamani. Ikampokea! Pampu ya kujaribia hatuna, ila taa ya kijani imewaka. Atupele kauliza kama nimetumia ya zamani. Nikamjibu ndiyo, macho makavu.

Jumamosi, 20 Septemba
Mzenga, mimi na Atupele. Ndoo zimepangwa foleni, Zubeda yuko mbele kabisa. Nikamwamkia mzee shikamoo. Nikabonyeza. Pampu ikakoroma, ikanyamaza. Nikabonyeza tena. Kompyuta ikazima, ikawaka, ikazima. Mungu wangu! Mzee Mwishehe akauliza kulikoni. Ulimi ukateleza: dereva kagoma. Mzee akamgeukia dereva wa gari letu, akamuuliza kwani hajalipwa posho. Yule bwana akaapa hajagoma kitu. Watu wakaangua kicheko. Zubeda hakucheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Atupele akafungua kompyuta yake, akaijenga kerneli upya kwa kompaila ya zamani. Tukasubiri, mzee hanitazami. Maji yakatoka! Vigelegele, vyote vya Atupele.

Mzee akanivuta pembeni. Kasema hajakataa. Kesho Mzee Abdulkadiri arudi, yeye mwenyewe, kuna maneno waliyoyaachia njiani wao wawili. Nimepona! Nusura nimkumbatie.

Jumapili, 21 Septemba
Sibahatishi tena. Mzee Abdulkadiri anaongea taratibu mno, hata simu yake ni kitochi cha vitufe. Posa yangu haiwezi kukaa mikononi mwa mtu wa kizamani hivyo! Nimemwambia apumzike. Nimemtuma Brighton, MC wa harusi hapa Kibaha. Suti kali, maneno yanamtiririka. Hajui mazungumzo yaliishia wapi, lakini hilo nimeshalitengeneza. Akiulizwa jina, aseme Abdulkadiri.