Dundu Mwenye Jina la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Programu imefika! Asubuhi Mkurugenzi ametuita ukumbini, sisi wote wa makumbusho ya viumbe, akatuonyesha. Kila mdudu, kila jani, kila ndege aliyejazwa pamba atakuwa na ukurasa wake kwenye kompyuta: jina lake la kisayansi, alikookotwa, aliyemwokota, droo anamolala. Unabofya jina, picha inakuja. Mkurugenzi alitabasamu kama mtu aliyepata mapacha.

Kisha akasema lile nililokuwa nalisubiri. Programu inahitaji msimamizi mmoja wa idara zote. Atatangazwa Ijumaa ya wiki ijayo, siku ya wazi ya kukaribisha wageni, mbele ya Profesa mgeni na familia zetu. Msimamizi atahamia ile ofisi ya juu yenye dirisha.

Mimi nimetunza wadudu miaka nenda miaka rudi katika chumba kisicho na dirisha, kinachonuka dawa ya nondo. Kazi hii ni yangu. Lazima iwe yangu, maana mwezi uliopita, kwenye harusi ya shemeji, nilimwambia mama mkwe kwamba nimeshaipata.

Haukuwa uongo hasa. Ilikuwa kweli iliyotangulia. Mama mkwe alikuwa mwalimu mkuu hadi alipostaafu, na ana namna ya kumtazama mtu hadi mtu anajikuta amejipandisha cheo. Sasa mke wangu kamwalika siku ya wazi. Nisipotangazwa, mke wangu atainamisha uso mbele ya mama yake kwa ajili yangu, na amekwisha kuniambia kwamba amechoka kuinamisha.

Mpinzani ni mmoja tu: bwana wa mimea. Mimi humwita Jani Kavu. Mpole, hana haraka, hunisalimia kila asubuhi na kuniulizia hali ya nyumbani. Mtu wa namna hiyo ni wa kuogopwa.

Jumanne, 5 Machi

Mkakati wa kwanza: kasi. Jani Kavu anaingiza jani moja, anakunywa chai, anaingiza jingine. Mimi nimegundua kitufe cha kunakili! Unajaza ukurasa wa dundu mmoja, unabofya, na droo nzima imejaa. Kufikia jioni nimemaliza kabati zima. Jani Kavu alipita, akachungulia, akasema haraka haraka haina baraka. Nikamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Akarudi kwenye chai yake. Ushindi.

Jumatano, 6 Machi

Hujuma! Programu ina ramani, na hakuna aliyeniambia. Mkurugenzi kaifungua aone kila kiumbe kilikookotwa. Mimea ya Jani Kavu imetapakaa milimani na mabondeni, vizuri kabisa. Madundu wangu wote wako katikati ya bahari. Wote, mahali pamoja, kama abiria wa meli iliyozama.

Kumbe namba za mahali ni mbili na kila moja ina kisanduku chake. Ile ya kaskazini na kusini niliiweka kwenye ya mashariki na magharibi. Yeyote angekosea. Kitufe cha kunakili kikalirudia kosa langu kwa utii mkubwa, dundu baada ya dundu. Mkurugenzi aliuliza kwa upole kama wadudu hawa wanajua kuogelea. Wenzetu wa idara ya ndege walicheka hadi wakashika meza.

Jani Kavu hakucheka. Alikuja baadaye akanionyesha namna ya kugeuza namba zote kwa mpigo mmoja. Alitaka nimshukuru. Nimemshukuru, lakini kwa sauti ya chini.

Alhamisi, 7 Machi

Kasi si kitu. Heshima ndiyo kila kitu! Profesa mgeni atashangazwa na jambo moja tu: spishi mpya, isiyojulikana na ulimwengu, iliyogunduliwa na mimi. Na leo mchana, nikihamisha droo, nikamwona. Dundu mkubwa mweusi, pembe fupi puani, nundu mgongoni, lebo yake imepotea. Simjui. Na kama mimi simjui, nani atamjua?

Wanasayansi huwapa wadudu majina ya watu wanaowaenzi. Wazo likanijia palepale, nusura niangushe droo. Nitampa jina la mama mkwe! Profesa atanistahi, mkwe atanistahi, cheo kitakuja, na ile kweli iliyotangulia itakuwa kweli ya kawaida.

Jina lenyewe siliandiki humu. Jina la mkwe halitajwi ovyo, na tangu nioe sijawahi kulitamka, si mbele yake wala nyuma yake. Lakini kulichapa si kulitamka. Nimeliongezea mkia wa Kilatini, likapendeza sana. Programu ikauliza, Je, una uhakika? Nikabofya ndiyo.

Jumatatu, 11 Machi

Jani Kavu tena! Ati alimwona dundu wangu kwenye programu, akafurahi kwa niaba yangu, akampelekea picha rafiki yake mtaalamu. Mtaalamu kajibu kwamba dundu huyo anajulikana tangu enzi za babu zetu na ana jina lake. Kwa hiyo sasa ana majina mawili. Sheria ya kazi yetu haina mjadala: jina lililotangulia ndilo linalobaki, lililofuata linawekwa chini yake. Jani Kavu kasema kuna amri ya kuunganisha majina, niitumie tu, kazi ya dakika moja, Mkurugenzi hata hatajua.

Nimweke mama mkwe chini ya jina la bwana fulani aliyekwisha kufa? Mama mkwe hajawahi kuwekwa chini ya mtu. Marehemu baba mkwe angeweza kutoa ushahidi. Nimefikiri sana nikiwa njiani, nikafikiri tena wakati wa kula, na nimeamua: atakayebaki juu ni yeye.

Jumanne, 12 Machi

Nimeunganisha. Programu inataka uchague jina linalobaki na jina linaloondoka. Linalobaki: mkwe. Linaloondoka ulitafute mwenyewe, nayo majina yamepangwa kama ukoo: babu juu, wana chini yake, wajukuu chini zaidi. Nikabofya. Likatokea onyo refu la maandishi mekundu. Sikulisoma. Mtu mwenye msimamo hasomi maonyo. Ndiyo!

Muda si muda printa ya lebo ikaanza kuchapa yenyewe. Inajituma kuliko wenzangu. Nimeiacha ikiendelea, nikaenda nyumbani kupiga pasi shati la Ijumaa.

Jumatano, 13 Machi

Printa bado inachapa. Lebo zimejaa sakafuni hadi mlangoni. Nimeokota moja: mama mkwe. Nyingine: mama mkwe. Nikachota kwa mikono miwili: mama mkwe watupu. Nikakimbilia kompyuta.

Badala ya kumbofya mjukuu nilimbofya babu. Ukoo mzima umefuata! Kila dundu wa kuviringisha kinyesi katika makumbusho haya, wakubwa kwa wadogo, weusi na wa kijani, wenye pembe na wasio na pembe, sasa anaitwa jina la mama yake mke wangu.

Ndiyo, kinyesi. Sikuliandika hilo? Dundu wangu huviringisha kinyesi cha ng'ombe na kula humohumo. Wakati nampa jina sikuona kama ni jambo la kuzingatia.

Nakala ya akiba ipo, lakini ni ya siku programu ilipofika. Ikirudishwa, kazi ya idara zote tangu siku ile itafutika, na mimea yote ya Jani Kavu pamoja nayo. Wazo hilo lilinipa faraja, sitaki kudanganya shajara yangu. Nilikimbia kwa Mkurugenzi kumshauri airudishe mara moja. Hayupo. Kaenda kumpokea Profesa.

Basi. Maji nimeyavulia nguo, nitayaoga. Nimezima printa, nimesokomeza lebo ndani ya fuvu la kiboko. Ijumaa nitakaa mimi kwenye kompyuta, nitawafungulia vipepeo. Watu hupenda vipepeo.

Ijumaa, 15 Machi

Niandike kwa utulivu.

Ukumbi ulijaa. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele, miwani puani, mkoba magotini. Mke wangu pembeni yake, kavaa gauni jipya, akinitolea tabasamu la mtu anayeomba dua. Nilipokaribia kompyuta, Profesa, mzee mwenye ndevu na furaha nyingi, akasema kwamba maisha yake yote amesomea madundu wa kinyesi, na angependa kuwaona hao kwanza.

Mkurugenzi akabofya mwenyewe. Skrini kubwa ikajaa. Mstari baada ya mstari, jina moja. Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaniomba nimsomee jina hilo kwa sauti, maana hajawahi kukutana nalo.

Nilitamke! Na mwenyewe kakaa hatua chache mbele yangu! Nikafungua kinywa, hakikutoka kitu. Nikakohoa. Nikasema ni jina gumu. Profesa akasema mbona ni fupi. Jasho lilinishuka hadi kwenye soksi.

Ndipo mama mkwe akainuka. Akasogea hadi kwenye skrini, akasoma mwenyewe kwa sauti ya darasani: jina lake lote pamoja na ule mkia, kisha maelezo ya chini. Huishi kwenye kinyesi. Dume husukuma donge. Jike hukaa juu ya donge.

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameinamisha uso. Hilo liliniuma kuliko yote, na ninaliandika kama lilivyo.

Mama mkwe akanigeukia. "Kumbe dume wake husukuma," akasema. "Sasa mwanangu alipewa wa aina gani?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, Profesa mbele yao. Mama mkwe hakucheka. Akamwuliza Mkurugenzi, "Huyu mkwe wangu ndiye msimamizi, au siye?"

Mkurugenzi alinitazama, akautazama ule ukoo wa skrini, akanitazama tena. Ni mtu mpole, lakini hakupungukiwa akili. "Mama," akasema, "kuanzia leo ndiye msimamizi wa madundu hawa. Atawarudishia majina yao mmoja mmoja, kwa mkono, mpaka wa mwisho."

Ofisi yenye dirisha kapewa Jani Kavu. Alikuja kunipa mkono, akasema atakuwa anashuka kunisaidia. Unafiki ulioje!

Jumapili, 17 Machi

Mke wangu hasemi nami. Asubuhi alinionyesha beseni la nguo chafu, akatamka neno moja tu: "Sukuma." Nimefua. Mchana akaniletea chakula bila kuitwa, nami nimelichukua hilo kuwa dalili njema. Mama mkwe aliondoka na lebo moja mkobani, aliyoichomoa mwenyewe kwenye fuvu la kiboko. Shemeji anasema kaibandika ukutani, karibu na picha ya kustaafu kwake, na kila mgeni anaonyeshwa.

Nimekaa nikatafuta kosa langu liko wapi. Mtu mzima hujikosoa. Na nimeliona! Jina lilikuwa zuri, dundu alikuwa mzuri, ila nilimheshimu mtu asiyehusika. Mama mkwe hateui watu. Anayeteua ni Mkurugenzi.

Jumatatu, 18 Machi

Asubuhi njema. Nilikuwa wa kwanza kufika. Madundu watasubiri kidogo, hawana pa kwenda. Nyuma ya kabati nimekuta chupa ya zamani, na ndani yake kuna kupe mmoja asiye na lebo. Mnene, wa mviringo, ameshiba vizuri, ana heshima zake kabisa. Jina la Mkurugenzi likitiwa mkia wa Kilatini linamkaa kama suti ya kupimiwa.

Nimemweka juu kabisa ya ukoo wa kupe, Mkurugenzi asije akadhani namdharau. Likatokea onyo lenye maandishi mekundu. Programu hii ina woga sana. Je, una uhakika?

Ndiyo.

Printa imeanza kuchapa.