Nyumbani, Safari, Mlangoni, Huzuni

Jumatatu, 8 Septemba

Mpiga kinanda wa Khalif ameondoka. Kaenda Islii, Nairobi, kwenye kumbi za harusi zenye viyoyozi. Garissa nzima inasikitika. Mimi nimefurahi kupita kiasi, kimyakimya.

Khalif ndiye mwenye bendi ya harusi hapa mjini. Yeye anapiga gitaa, Barwaqo anaimba, na katikati yao lazima awepo mtu wa kinanda. Atafanya majaribio Jumamosi. Nimemwambia adeer, maana namheshimu kama ami, mimi napiga. Sikusema uongo. Nilipiga kinanda mara moja nikiwa darasa la sita, umeme ukakatika.

Na si mchezo. Dada yangu Maka amenichoka. Tangu mbuzi wa soko la mifugo walipokula miavuli niliyokuwa nikikodisha, haamini mpango wangu wowote. Leo amesema wazi: nisipopata kazi ya kueleweka wiki hii, Jumatatu ijayo napanda basi la kwenda Rhamu kwa Abti Jama, kaka wa marehemu mama. Abti ana shamba la vitunguu kando ya mto Daua na hana mtu wa kukaa na pampu. Mimi na vitunguu! Mtu mwenye kipaji kama mimi.

Maka akauliza kipaji gani. Swali la roho mbaya.

Jumanne, 9 Septemba

Tatizo la Barwaqo: hamwambii mtu anaimba nini. Shangazi wa bibi harusi anamnong'oneza wimbo, yeye anaanza papo hapo. Khalif anamfuata kwa gitaa mzunguko mmoja, kisha kinanda kinaingia. Mpigaji atajijua. Hakuna karatasi, hakuna maelekezo, ni masikio tu.

Nikaenda kwa rafiki yangu Kadar, fundi wa simu. Akanionyesha video ya jamaa mwenye ndevu anayefundisha kutambua kodi kwa kusikia. Kodi za kinanda, yaani noti tatu zinazobonyezwa kwa pamoja. Si kodi ya nyumba. Hiyo analipa Maka. Jamaa anasema usikariri. Chukua nyimbo unazozijua tayari, zile zinazokufuata kila mahali, usikilize wapi zinageuka. Nyingi zinazunguka kodi nne tu. Nne! Nilidhani mia.

Nimetumia ule wimbo wa mapenzi unaopigwa kwenye kila tuktuk mwaka huu, wa kijana anayekwenda kumposa msichana akachelewa. Anapoanza, ametulia kwao. Kodi hiyo nimeiita Nyumbani. Anatoka, anashika njia: Safari. Anafika kwao msichana, anabisha, sauti inaning'inia, unatamani mtu afungue: Mlangoni. Anaambiwa keshaolewa jana: Huzuni. Nimeusikiliza mpaka Kadar akaniomba nitoke dukani kwake.

Kisha nikasikiliza wimbo mwingine, wa kusifu gari. Nyumbani, Huzuni, Safari, Mlangoni. Zilezile! Zimebadilishana viti tu. Hawa wanamuziki wametudanganya miaka yote.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeazima kinanda cha binti wa Kadar. Kina rangi ya waridi na kitufe cha kumliza paka. Khalif ni mtu wa mazoea, anapiga kila kitu akianzia palepale kwenye gitaa, kwa hiyo mikao minne ya vidole inanitosha. Kufikia adhuhuri vidole vilikuwa vimeikubali. Paka amelia mara chache tu.

Jioni nilikuwa kibandani kwa Arbia nikinywa chai, redio imewashwa. Nikafumba macho. Safari. Mlangoni. Halafu ikaja yenyewe, nikasema kwa nguvu: Huzuni! Mzee aliyekaa karibu nami akaweka kikombe chini akauliza nani amefariki. Ikabidi nieleze. Hakuelewa, lakini alinifariji hivyo hivyo.

Ajabu ni ya asubuhi. Maka alikuwa akipika mikate ya anjera huku akiimba polepole, wimbo aliokuwa akiuimba mama. Hakuna kinanda wala gitaa, ni sauti yake tu juu ya kikaango. Nami nikasikia pale wimbo unapotoka nyumbani na pale unapoumia. Nikamwambia hapo, abaayo, dada yangu, hapo umeingia kwenye huzuni. Akasema mama alikuwa akifika hapo anapunguza sauti kila mara, na yeye hakuwahi kujua kwa nini. Akaniongezea anjera ya tatu.

Nimekula tu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimekwenda kwenye mazoezi ya Khalif ukumbini. Kisingizio: kubeba viti. Wakati wa mapumziko nimeunganisha simu yangu na ile spika yao kubwa kwa Bluetooth, nikawapigia nyimbo zangu za mafunzo. Barwaqo amesifu. Simu imeshika spika mara moja bila hata waya. Mambo ya kisasa hayanipigi chenga.

Baadaye Barwaqo akaimba wimbo ambao sijawahi kuusikia maishani. Nilikuwa nimebeba viti vinne, nikawa najisemea chinichini: Nyumbani, bado Nyumbani, sasa Huzuni. Nikainua macho. Khalif ameacha gitaa ananitazama. Muda mrefu, bila kucheka.

Amenigundua. Anajua sijui. Nimeweka viti chini nikaondoka bila kuaga.

Ijumaa, 12 Septemba

Mambo yamezidi kuharibika. Alio naye anajaribu kesho. Alio wa ofisi za kaunti! Ana kinanda chake mwenyewe, kina mfuko wenye zipu. Alisomea Nairobi. Nimekutana naye tukitoka msikitini, akaniuliza kwa upole mimi nasoma noti au napiga kwa sikio. Nikamjibu napiga kwa vyote. Akasema mashallah. Sijui kwa nini lakini lile mashallah limeniudhi.

Maka ametoa begi langu juu ya kabati. Anasema analipangusa vumbi tu.

Kwa hiyo masikio peke yake hayatoshi. Yamesoma siku tatu, ya Alio yamesoma miaka. Lakini Kadar ana programu kwenye simu: inasikiliza muziki na kuonyesha kodi kwa herufi. Tumekubaliana hivi. Yeye atasimama nje ya ukumbi, chini ya dirisha, na simu zake mbili. Moja itamsikiliza Khalif. Nyingine itakuwa imenipigia mimi. Nami nitakuwa na spika ndogo masikioni, zisizo na waya, kofia juu yake. Herufi akiiona atanitajia jina nililoipa kodi hiyo: Nyumbani, Safari na kadhalika. Tumefanya mazoezi. Nimemfundisha kwa saa nzima, ni mzito kidogo.

Kadar ameuliza kwa nini nisisikilize tu, maana jana kwake nilipata zote. Nikamwambia warya, we bwana, usilete ushamba kwenye jambo la kitaalamu.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Alio alianza. Hakukosea hata mara moja. Alipiga kama anayegonga mihuri. Khalif akasema asante. Walikuwepo pia shangazi wawili wa Barwaqo na watu kadhaa wasio na kazi.

Kisha mimi. Nikatia spika zote mbili masikioni, nikavuta kofia, nikakaa kwa madaha. Barwaqo akaanza kuimba. Sikumsikia vizuri, masikio yalikuwa yameziba. Haidhuru. Mara sauti ya Kadar ikaja, kubwa, safi kupita matarajio: Nyumbani. Nikabonyeza. Safari. Nikabonyeza. Nikashangaa vispika vya bei rahisi kuwa na nguvu hivi, mpaka kifua kinatetemeka.

Barwaqo alikuwa ananiangalia kwa jicho la ajabu. Kila nilipofika, alikuwa keshaondoka. Nikadhani ni yeye anayekimbia.

Mlangoni, akasema Kadar. Shangazi mmoja akainuka akaenda kufungua mlango, akatazama nje, akarudi kukaa. Nikaona ni mambo yake. Mlangoni, akasema tena Kadar. Shangazi akainuka tena. Watu wakaanza kucheka, nami nikafurahi kwamba muziki umewaingia.

Halafu Kadar akasema: ondoa mbuzi wako hapa. Hiyo hatukuwa tumefundishana. Nikaondoa mikono yote miwili kwenye kinanda, kwa tahadhari. Akasema, huyu anakula waya wangu wa chaji. Nikangoja.

Barwaqo akaacha kuimba. Nikatoa spika moja sikioni ili nielewe kulikoni. Sauti ya Kadar haikupungua. Iliongezeka! Ilikuwa inatoka kwenye spika kubwa ya Khalif, ukumbi mzima, ikimweleza mwenye mbuzi kwamba yuko kazini, asisumbuliwe, anamsaidia rafiki yake mmoja asiyejijua.

Simu yangu iliikumbuka ile spika ya Alhamisi. Ilirudi kwake yenyewe. Vile vya masikioni havikuwa vimeunganishwa na chochote tangu mwanzo. Vilikuwa vizibo tu.

Khalif hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Alikwenda akazima spika mwenyewe, akavuta kiti, akakaa karibu nami.

"Alhamisi ulikuwa umebeba viti," akasema. "Barwaqo aliimba wimbo aliotunga wiki hiyo. Hakuna mtu nje ya bendi aliyewahi kuusikia. Wewe ukasema huzuni kabla kidole changu hakijafika kwenye uzi wa gitaa. Siku ile ile nilikuchagua, Deeq. Leo nilitaka tu na wengine wasikie."

Nikamwambia adeer, basi acha nipige sasa hivi, masikio wazi. Barwaqo ndiye aliyejibu, taratibu. Alisema akiwa katikati ya wimbo, mbele ya ukoo mzima wa watu, anamwegemea mtu wa kinanda. Hawezi kumwegemea mtu ambaye mwenyewe hajiegemei.

Kazi amepewa Alio. Amenipa mkono. Mkono wake ni laini mno.

Imeniuma. Naandika ukweli maana hapa hasomi mtu: imeniuma sana, na nimekuja nyumbani kwa njia ya nyuma ili nisipite kwa Arbia.

Jumapili, 14 Septemba

Nimetafakari usiku kucha kwa utulivu. Kosa nimeliona. Ni kutumia spika zisizo na waya. Za waya haziwezi kutoroka kwenda kwa spika nyingine. Pia Kadar hakukagua mazingira, upande wa mbuzi. Mimi kwa upande wangu nilifanya kila kitu sawa.

Kadar amekuja kuomba radhi. Nimemsamehe. Nimemwambia asirudie.

Maka amepanga nguo zangu bila kunisimanga hata kidogo, na hilo limenishtua kuliko kelele. Amenikunjia na ile shuka nzuri. Amesema, walaalo, ndugu yangu, Abti anakusubiri, mheshimu. Kisha akaimba kidogo jikoni. Alipofika pale pa mama akapunguza sauti. Nikajifanya natafuta kiatu.

Alhamisi, 18 Septemba

Rhamu. Njia ni ndefu. Mpaka basi linapita Kutulo nilikuwa nimejaa vumbi kwenye nywele na kope. Kila abiria alikuwa na simu inayoimba, na dereva alikuwa na wimbo mmoja tu. Nyumbani, Safari, Mlangoni, Huzuni, kutoka Wajir hadi mwisho. Nilijaribu kutosikia. Siwezi tena.

Abti Jama ni mtu wa maneno machache. Shamba ni zuri, sitaki kusema uongo. Vitunguu vimejipanga, mto uko pale, upande wa pili Ethiopia. Pampu iko kivulini, kelele tupu.

Ijumaa, 19 Septemba

Abti amenifundisha kazi. Kazi yenyewe ni kusikiliza. Mpira unaovuta maji mtoni ukianza kuvuta hewa, sauti ya pampu inabadilika kidogo kabla ya kitu chochote kuonekana. Hapo unakimbia kuizima. Ukichelewa mashine inaungua, na pampu ikifa wiki hii vitunguu vimekwisha, na mwaka wa Abti umekwisha navyo. Vijana wawili waliotangulia walichelewa. Pampu mbili zimeungua, hii ni ya tatu.

Tukakaa. Pampu inanguruma palepale, Nyumbani kabisa. Tukanywa chai ya maziwa ya ngamia. Mara nikasikia imesogea. Kidogo tu. Mlangoni. Nikaruka nikazima kabla Abti hajageuza kichwa. Akaenda akainua mpira: umeshaanza kunyonya tope na hewa.

Abti alinitazama muda mrefu, kama alivyonitazama Khalif. Safari hii nilingoja kumsikia.

"Wewe una masikio," akasema. "Mama yako alikuwa nayo hivyo."

Mchana amewaambia majirani watatu. Jioni amempigia Maka. Nimemsikia Maka kwenye simu akicheka kwa furaha, kitu ambacho sijakisikia mwaka mzima. Abti amesema pampu sasa ni yangu, na kuanzia kesho yeye atakwenda sokoni bila wasiwasi. Moyo wangu umejaa. Hatimaye mtu ameniamini.

Ila kukaa kutwa nzima nikisikiliza pampu ni kupoteza kipaji. Nimeshapata njia. Nimempigia Kadar. Kesho asubuhi nitaiacha simu yangu kando ya pampu ikiwa imempigia yeye Garissa. Kule ataweka ile programu isikilize. Mimi nitakuwa nimelala chini ya mgunga, spika masikioni, za waya safari hii. Herufi ikibadilika, Kadar ananipigia, naamka, nazima. Na nimekagua mazingira: hakuna spika kubwa, hakuna mbuzi.

Kadar ameuliza atanipigia kwenye simu gani, ikiwa yangu iko kwenye pampu. Rafiki mzuri, lakini mipango mikubwa inamshinda.