Gauni lisilolowa na salamu za Mzee Bihaga

Leo nimeaibika mbele ya watu wenye suti, na mpaka sasa sijui nimkasirikie mtafiti, mwanangu au adabu nilizofundishwa nyumbani.

Mnajua nilivyochoka. Kila siku soko la Kasulu, parachichi kichwani, Eliya mgongoni, jua lote langu. Kwa hiyo Dokta Lusajo aliponiambia nitakuwa wakala wake Kasulu nzima, na fremu ya duka nitapewa, sikuuliza maswali. Akilini niliona kiti. Niliona nauza nimekaa.

Huyu Dokta ni mtafiti wa chuo kikuu. Ametengeneza dawa ya nano, yaani chembe ndogo kuliko vumbi, anaipaka kwenye kitenge. Maji yakigusa yanaviringika kama shanga na kudondoka, kitenge kinabaki kikavu. Utafiti umeisha, imebaki kutafuta mtu wa kujenga kiwanda. Akampata Mzee Bihaga wa Kibondo, mfanyabiashara wa mbao. Leo ndiyo alikuwa anakuja kuona. Akikubali, duka lipo. Akikataa, narudi juani.

Kazi yangu ilikuwa kuvaa. Nikashonewa gauni la kitambaa hicho, na mbeleko ya kitambaa hicho hicho.

"Mtoto asivae nepi," Dokta akaniambia.

"Dokta, huyu anakojoa."

"Ndiyo tunachotaka, Mama Eliya. Akikojoa, mzee aone hujalowa."

(Mimi na kidato cha nne changu nikaona hiyo ndiyo sayansi yenyewe.)

Ukumbini Dokta akaanza kwa kunimwagia jagi zima la maji begani. Yakateleza yote mpaka sakafuni. Mzee Bihaga akasogeza miwani, akapapasa bega langu. Kavu.

"Hii ni biashara," akasema.

Dokta akanikonyeza. Mimi moyoni nilishaanza kupanga rafu.

Hapo nikahisi joto mgongoni. Joto tu, unyevu hamna. Nikajisemea, Eliya kafanya kazi yake, kitambaa nacho kinafanya ya kwake.

Sasa fikirieni jambo ambalo wasomi wale hawakulifikiria. Gauni halinywi maji. Mbeleko hainywi maji. Mkojo uende wapi? Ulikuwa umetulia katikati yangu na mtoto, kama maji ndani ya beseni, unasubiri amri.

Amri nikaitoa mimi. Mzee alinisogelea akauliza, "Binti, wewe ni Muha?"

"Ndiyo, baba. Kwetu Kagerankanda."

"Mwakeye," akanisalimia kwa Kiha.

Nyie mnajua salamu zetu. Mtu wa umri wa baba yangu siwezi kumsalimia nimesimama wima kama nguzo ya umeme. Nikachuchumaa, nikainama, nikapiga makofi taratibu. "Mwakeye, baba." Akaishika mikono yangu yote miwili, akaanza. Nyumbani? Wazima. Mama? Mzima. Mahindi? Yameota.

Kwenye maharage nikahisi kitu kinatembea mgongoni kuelekea shingoni. Asiye na adabu angeinuka. Mimi nimelelewa, na mzee hajaachia mikono, yupo kwenye ng'ombe. (Ng'ombe hatuna. Nilisema wazima ili amalize.)

Hakumaliza. Ukaja wote kwa pamoja. Ukapita shingoni, ukapita sikioni, ukashuka na mikono yangu, na kwa kuwa gauni halinywi, hakuna tone lililopotea njiani. Wote ukamfikia mzee: viganja, shati, viatu.

Eliya akacheka peke yake.

Mzee akatazama viganja vyake, akamtazama Dokta. "Kitu hiki mlikijaribu na mtoto?"

"Tulijaribu na maji, mzee. Maabara haina mtoto."

Sikilizeni. Wana mashine ya kuona chembe ndogo kuliko vumbi. Mtoto mzima hawakumwona.

Mzee akapewa taulo, akajifuta bila haraka. "Pesa yangu nitaiweka," akasema, "lakini mtashona makoti ya mvua. Dereva wa bodaboda anamwagiwa kutoka nje tu."

Watu wakacheka. Dokta naye akacheka, kapata kiwanda chake.

"Na uwakala, baba?" nikauliza, kidevu bado kinadondosha. (Aibu ilishaniisha, ilibaki shida.)

"Makoti atauza mtu wa bodaboda, binti yangu. Wanaelewana wenyewe."

Dokta amenisindikiza mpaka nje. Ananiambia nisikate tamaa, utafiti ndivyo ulivyo, leo tumejifunza. Nikamwuliza tumejifunza akina nani, maana anayenuka ni mmoja. Gauni nimeambiwa nibaki nalo, shukrani ya kushiriki.

Kesho nipo juani kama kawaida. Njooni mnunue parachichi, lakini kimya kimya.