Jua la Upande wa Pili wa Jengo

Jumatatu, 19 Julai 2021

Sijalala tena. Kichwa kizito kama gunia la chumvi. Ghala letu la Seven Hills limeniambia nisije: sisi wa mtaa wa Bankstown, kwa sababu ya korona, haturuhusiwi kutoka eneo letu kwenda kazini mpaka serikali iseme. Basi nazunguka. Jikoni, sebuleni, jikoni. Nimefungua friji bila kutaka kitu. Nimegombana na redio.

Mke wangu Aketch, ambaye ni muuguzi, amerudi kutoka zamu kwenye makao ya wazee akanitazama kama anavyotazama wagonjwa wake. Anasema si ugonjwa, ni giza. Huku kusini mwa dunia, wakati wa baridi jua hupitia kaskazini, na madirisha yetu yote yanatazama kusini. Anasema mwili usipoona mwanga wa asubuhi husahau saa ya kulala, na moyo nao hunyong'onyea. Dawa: nitoke nje kila asubuhi, nitembee kidogo.

Nitembee! Katika baridi hii! Mtu mwenye akili halifuati jua. Analileta.

Jumanne, 20 Julai

Kwenye mlango unaotazamana na wetu anakaa Balthazar, Mkongo wa Uvira, mzee wa kanisa. Upande wake ni kaskazini, na ana roshani. Kila asubuhi anaketi pale na chai yake, anaimba tenzi, uso unang'aa kama sufuria mpya. Jua lote la jengo ni lake. Haki iko wapi?

Mpango: nimemwambia roshani yake inaonekana kama itaanza kuvuja, na kwamba mimi, kama jirani mwema, najitolea kuikagua kila asubuhi. Nikiwa nimeketi. Amejibu kwa upole mkubwa kwamba wageni wamekatazwa majumbani. Kisha akasema ataniombea.

Ataniombea! Akafunga mlango, akaendelea na ubeti wa pili.

Alhamisi, 22 Julai

Nimepata! Kioo! Aketch ana kioo kirefu cha kujitazamia. Alipolala baada ya zamu nikakibeba hadi ua wa nyuma, nikakiegemeza kwenye uzio, pale ambapo kivuli cha jengo hakifiki. Jua linapiga kioo, kioo kinalirusha dirishani kwangu. Sayansi.

Nikikiinamisha, mwanga unaangukia mapipa ya taka. Nikikiinua, unaruka dirisha langu na kuingia ghorofa ya juu. Mapipa. Ghorofa. Mapipa. Kufikia mchana mapipa yalikuwa yamepata jua kuliko mimi. Mgongo ukakataa. Nimekiacha kioo kikitazama juu.

Aketch ameuliza kioo kiko wapi. Nimesema nimekitoa kipate hewa. Amekwenda kazini na sweta nje-ndani.

Ijumaa, 23 Julai

Juu yangu anakaa Mama Fébronie, mjane, Mkongo pia. Zamani alikuwa akipikia kanisa zima. Tangu kanisa lifungwe hatoki, haongei, mapazia hafungui. Aketch humwachia supu mlangoni, na mara nyingi huikuta pale pale imepoa.

Leo supu imeliwa! Bakuli limeoshwa! Amemwambia Aketch kwa simu kwamba jua limeingia chumbani kwake, jua lenyewe, mahali ambapo halijawahi kuingia, naye akavuta kiti akakaa ndani yake mpaka likaondoka. Amefungua mapazia. Amepaka kucha rangi.

Kifua kikanivimba. Nilikuwa nafungua kinywa niseme ni mimi, ndipo Aketch akaongeza kwamba Balthazar ameshawaeleza waumini wote kwenye WhatsApp: yeye aliomba Jumatano, jua likaja Alhamisi.

Aliomba! Na mgongo wangu je?

Jumapili, 25 Julai

Ibada ya Zoom. Nimejiunga ili kupeleleza tu. Balthazar anahubiri kuhusu nuru, roshani inamwakia mgongoni. Wanamwita mtumishi. Mama Fébronie analia kwa furaha. Mtu wa mtaa wa Macquarie Fields ameomba dirisha lake nalo likumbukwe.

Nimezima simu. Nimetoka uani, nikachukua kioo, nikakisukuma chini ya kitanda. Tuone sasa mtumishi atawasha nini.

Jumanne, 27 Julai

Mapazia ya juu yamefungwa tangu jana. Supu ya jana mlangoni. Ya leo mlangoni. Aketch amepiga simu, haipokelewi. Amepiga tena. Ameketi kitandani akavua viatu polepole, akasema kazini alishamwona mtu aliyeanza hivi hivi. Nikauliza iliishaje. Akaipiga simu mara ya tatu. Kioo kilikuwa chini yake, karibu na visigino.

Alipopata usingizi nikatambaa, nikakivuta, nikakimbia nacho nje.

Mawingu! Anga lote blanketi la kijivu. Nimekizungusha kioo kila upande. Kimenionyesha uso wangu tu, na sikuupenda.

Nimepanda ngazi. Nimevaa barakoa, nikasimama mbali na mlango wake, nikasema yote: kioo, mapipa, wivu, chini ya kitanda. Nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Nadhani jengo zima limesikia. Mlango ukafunguka kidogo.

"Papa Mbuvi, njo weye ulikuwa unaniletea jua?"

Nikasema ndiyo, kwa bahati mbaya.

Akacheka! Kicheko kilianza kwa kukwama, kama bomba lililokaa bila maji, kisha kikatoka chote. Akauliza: "Sasa kama jua liko inje, sisi tunafanya nini humu ndani?" Nikamwonyesha mawingu. Akasema anachukua koti.

Aketch, ambaye makelele yangu yalimwamsha, akapaza sauti kutoka chini kwamba hata siku ya mawingu mwanga wa nje unaipita mbali taa ya nyumbani. Na kwamba kuhusu kioo tutaongea.

Tumeongea. Siandiki.

Ijumaa, 30 Julai

Tunatembea kila asubuhi, mimi na Mama Fébronie, watu wawili tu kama sheria inavyotaka, yeye ukingo ule wa njia, mimi huku. Anatembea kama askari. Nikimlalamikia kuhusu Balthazar ananikata: "Acha Papa Balthazar. Yeye aliomba, weye ulibeba. Kila mutu na kazi yake." Sikubaliani hata kidogo.

Leo mawingu yamefunguka. Jua likatukuta bustanini, tukasimama, nyuso tumeziinua. Kisha akaniambia marehemu mumewe alikuwa akisimama hivyo hivyo uani kwao Bukavu, macho amefumba, akidai anafikiri. Alisema hivyo akitabasamu. Mimi nikajifanya nafunga kamba za kiatu.

Nimekula mara mbili. Nimelala.

Jumatatu, 2 Agosti

Nimelala tena! Nina akili kama wembe. Nimefikiria kwa makini ni nini kimeniponya. Haiwezekani iwe kutembea, watu wanatembea maisha yao yote na bado wana matatizo. Ni mwanga. Na mwanga ni mwanga.

Basi nimeagiza taa kubwa, ya aina ile wanayomulikia viwanja vya mpira. Nitaifunga juu ya kitanda, nipate asubuhi yangu yote nikiwa ndani ya blanketi. Aketch alisema taa ya nyumbani haitoshi. Kuhusu taa ya uwanja hakusema kitu. Balthazar atauona mwanga wangu mpaka kwenye roshani yake, aumie.

Kengele ya mlango. Mama Fébronie, na koti lake. Nimemnong'oneza Aketch aseme nimesafiri. Amemwambia, kwa sauti ya kusikika barabarani, kwamba Mbuvi amesafiri hadi bafuni na yuko nyuma ya pazia. Wanacheka wote wawili. Wananiita kwa jina.

Naandika haya nikiwa nimesimama ndani ya beseni la kuogea. Msafiri haitiki.