Maji Yalikuwa ya Magoti

Jumapili, 10 Juni 2018

Kwamboka ameisimulia tena. Safari hii kwa maikrofoni.

Ilikuwa sherehe ya ubatizo hapa Arlington, watu wasiopungua themanini, na MC akauliza kama kuna mgeni wa kutoka Houston mwenye neno. Mgeni akasimama. Ni mdogo wa mke wangu Jedidah, mfupi, nesi wa wodi ya upasuaji, mwenye mabega yaliyozoea kuinua wagonjwa. Neno lake ni moja tu tangu Agosti iliyopita: jinsi mafuriko yalivyotukuta nyumbani kwake, na jinsi alivyonibeba mgongoni, mimi Kalume, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, mpaka kituo cha mafuta ambapo palikuwa pakavu. Akaonyesha alivyoinama. Akaonyesha nilivyomkaba shingo. Watu wakacheka hadi machozi. Mzee mmoja wa Nakuru akauliza, huyu Kalume si ndiye mtu wa Pwani? Kwamboka akasema ndiye, na yeye mwenyewe Kwamboka ni wa Kisii, ambako maji mengi aliyowahi kuyaona yalikuwa ndani ya sufuria.

Naandika ukweli hapa kwa kuwa sina kwingine pa kuuandika. Kwanza, mimi ni wa Kaloleni. Kaloleni ni minazi na mihogo, si bahari. Baharini tulienda Krismasi, tukakaa mchangani, tukala, tukarudi. Pili, maji yalikuwa ya magoti. Tatu, sikuomba kubebwa.

Na siwezi kumjibu. Shemeji ana haki ya utani. Ukimkasirikia shemeji anayekutania, wewe ndiwe mkosa adabu. Kwa hiyo nilicheka. Nilicheka mpaka taya likauma.

Mpango. Tarehe saba Julai Kwamboka na mumewe Kariuki wanaita watu kubariki nyumba yao mpya huko Houston. Nyumba ina bwawa la kuogelea. Nitajifunza kuogelea kwa siri. Mbele ya wageni wote nitavua shati, nitavuka bwawa toka mwisho hadi mwisho, nitatoka, nitajifuta. Sitasema neno. Hadithi yake itafia hapo. Nina wiki nne kasoro. Watoto wadogo hujifunza kwa siku mbili.

Jumanne, 12 Juni

Somo la kwanza, bwawa la mji. Nimemwambia Jedidah nina ovataimu ghalani.

Mwalimu ni Darius, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, jambo lililoniudhi kabla hata sijalowa. Nilimweleza kwamba mimi ni mtu wa Pwani, nahitaji kukumbushwa tu. Akafurahi, akaniambia basi nivuke upana tuone. Nikasema goti linanisumbua leo. Akalitazama goti. Akanipeleka kwenye kina kifupi pamoja na wengine, tushike ukingo, tutumbukize uso, tupulize mapovu.

Mapovu. Saa nzima.

Kando yangu alikuwa Annonciata, bibi wa miaka sitini na mitatu, Mrundi vilevile, mkazi wa Haltom City, kazi yake kutandika vitanda hotelini. Havui rozari hata majini. Anatumbukiza uso, anapuliza, anainuka, anafuta macho, anahesabu kwa sauti. Alifika arobaini. Mimi nilifika moja, na hiyo moja niliteleza. Akaniambia pole baba, maji hayana haraka. Nani alimwomba pole?

Alhamisi, 14 Juni

Mapovu tena. Nikamwambia Darius nimekuja kujifunza kuogelea, si kuchemsha maji kwa mdomo. Akajibu kwa upole kwamba mtu anayeogopa kuweka uso majini hukaza shingo, shingo ikikaza kiuno kinazama, na kiuno kikizama hakuna kinachobaki juu. Nikamwambia mimi siogopi. Nilikuwa nimeshika ukingo kwa mikono miwili, lakini sauti yangu ilikuwa thabiti.

Annonciata sabini. Nimeacha kumhesabia.

Jumapili, 17 Juni

Hasira imenipa akili. Kwa nini nijifunzie majini, mahali penye hatari? Jedidah alipokwenda mazoezi ya kwaya nilifungua video kwenye simu, nikalala kifudifudi juu ya kitanda, nikaanza. Mikono, miguu, kichwa kando, pumzi. Mambo safi kabisa. Nilikuwa nikivuka kitanda mara ya tisa Jedidah aliporudi kuchukua miwani yake.

Jedidah anahudumia wazee, kwa hiyo hakupiga kelele. Alinigeuza ubavu kama mwenye kifafa, akanishika taya, akaniuliza kwa sauti ya kazini huu ni mwaka gani. Nikamwambia nanyoosha mgongo. Hakuamini, akampigia mdogo wake. Alasiri ile ile Kwamboka akaandika kwenye group ya familia: "Pole shem. Next time usijisumbue, niite tu, nita-drive nije nikubebe mpaka sebuleni." Vicheko kumi na saba chini yake. Kimoja cha mke wangu.

Alhamisi, 21 Juni

Leo nilikataa ujinga. Darius alipogeuka kumsaidia mtu, nikapita kimyakimya upande wa kina kirefu, nikajiachia.

Sitaandika kilichotokea. Nitaandika tu kwamba zile kamba za kugawa njia ni imara, na mtu mzima akizikumbatia zinamhimili. Filimbi ililia. Bwawa zima likaamriwa kutoka majini, wazee, watoto, kila mtu, wasimame ukingoni wakitiririka maji wakati mimi nabanduliwa kwenye kamba kidole kimoja kimoja.

Niliporudi kwenye kina kifupi Annonciata alisogea kunipisha nafasi ukingoni. Hata kucheka hakucheka. Ndilo lililoniuma zaidi.

Jumanne, 26 Juni

Nimepata! Nimempigia Kariuki, nikajifanya nina wasiwasi na usalama wa watoto, nikamuuliza bwawa lao lina kina gani. Akasema futi nne, amepima mwenyewe kwa mpini wa ufagio. Mimi nina futi sita na inchi moja.

Watu wananielewa? Nitakunja magoti maji yafike kidevuni, nitembee chini kwa miguu, na juu mikono ipige maji kama muogeleaji. Mapovu na mawimbi yatafunika mengine. Nani atachungulia? Wiki mbili nimeteseka bure.

Nimefanya mazoezi leo, kina kifupi, mara nne. Darius akaniuliza huo ni mtindo gani. Nikasema wa Pwani. Annonciata akasema, "Baba, miguu yako iko chini." Nikamwambia aangalie rozari yake.

Alhamisi, 28 Juni

Nilikwenda kwa ajili ya kutembea tu. Annonciata akaniomba nimshikie kichwa ajifunze kuelea chali, Darius ana kazi na wengine. Nikamshikia. Akaelea. Kisha akasema sasa zamu yangu. Mtu mzima akikuambia zamu yako, utasemaje? Nikalala. Vidole vyake viwili chini ya kisogo changu. Akaniambia nitazame mawingu, nilegeze shingo, maji ni kitanda, na kitanda hakikamatwi.

Masikio yakaingia majini na dunia ikanyamaza. Hakuna maikrofoni, hakuna Nakuru. Sijui nilikaa muda gani. Nilipogeuza macho alikuwa amesimama hatua mbili mbali, mikono kiunoni, anahesabu. Alikuwa ameniachia bila ruhusa. Nilikasirika sana.

Nilimuuliza anajisumbulia nini uzeeni. Akasema mwaka wa sabini na mbili walivuka mto Malagarasi kukimbilia Tanzania, na dada yake alibaki ng'ambo kwa kuogopa maji. Nikamwambia goti linaniuma.

Kwa kuwa hakuna anayesoma daftari hili: maji ya Houston hayakuwa ya magoti. Yalikuwa kiunoni. Kiunoni kwangu. Kwa Kwamboka, mfupi, yalikuwa kifuani. Ningeweza kutembea. Nilikuwa juu ya meza ya jikoni na miguu ilikataa kushuka, na kila aliponiita sikuweza hata kumjibu. Basi.

Jumanne, 3 Julai

Nimekwenda kumwonyesha yule bibi kwamba sishindwi kuelea. Akaelea mpaka hamsini. Nikaelea hamsini na moja. Akaelea themanini na mbili. Nikarudi, nikaongeza na kupiga miguu, nikafika mia, nikagonga kichwa ukuta wa upande wa pili. Nilikuwa nimevuka upana mzima chali, bila kujua. Akanipigia makofi. Mwanamke huyu hajui hata kwamba anashindana.

Darius akasema nikiendelea hivi mwezi mwingine, nitakuwa muogeleaji. Mwezi mwingine! Mimi nina siku nne, na miguu miwili.

Jumamosi, 7 Julai

Naandika kutoka chumba cha wageni, kwa Kwamboka.

Padri alibariki nyumba, watu wakala, Kwamboka akaanza kusafisha koo. Nikamwahi. Nikasimama, nikavua shati. Nikashuka ngazi za bwawa, nikakunja magoti, nikaanza. Mikono iliruka! Vigelegele vikapigwa. Yule mzee wa Nakuru, aliyealikwa naye, alisikika akisema damu ni damu, Pwani ni Pwani. Nilikuwa nimefika katikati.

Katikati ndipo sakafu inapoinama. Futi nne za Kariuki zilikuwa za pale kwenye ngazi, ambako mpini wake wa ufagio ulifika. Mbele yake ni nane. Hatua moja nilikuwa natembea, hatua iliyofuata hapakuwa na kitu.

Nikazama. Nikameza. Niliposhuka nilisikia kishindo, mtu ameruka. Sijui nani alinigeuza chali. Nadhani ni shingo yenyewe, imeshazoea vile vidole viwili. Uso ukatoka nje, nikaona mbingu, nikavuta pumzi. Nikaanza kuhesabu, kwa sauti, mbele ya padri.

Nilikuwa nimefika kumi na nne mtu aliponishika mguu. Alikuwa Kwamboka, na gauni lake la kitenge, akizama, akiibuka, akizama. Nilitaka kumpiga teke. Naandika ukweli, nilitaka. Ila macho yake niliyaona, nikampa mkono badala ya teke, akaning'ang'ania kifuani, nami nikapiga miguu kama wazimu, chali, bila kujua naelekea wapi, mpaka Kariuki akatuvuta kwa ile fimbo ya wavu wa kuopolea majani.

Tukalazwa kwenye sementi. Wigi ya Kwamboka ilikuwa bado katikati ya bwawa. Jedidah alikuwa akimfokea mdogo wake huku analia: kwa nini aruke, na hajui kuogelea, hajawahi kujua, hata ndani ya beseni hajui. Kwamboka alikohoa muda mrefu. Kisha akasema, "Nilisahau."

Hakuna aliyecheka. Akageuka akanishika mkono, akasema asante shemeji, watu wote wanasikia. Kuna jambo nilitaka kumwambia. Nimekuwa nalo kooni tangu Agosti, na wakati huo lilifika mpaka kwenye meno. Nikamuuliza kama kuna taulo.

Na kina cha bwawa kwa nini hakikuandikwa popote? Nitazungumza na Kariuki asubuhi.

Jumanne, 10 Julai

Ghalani nimesimulia mara nne jinsi nilivyomwokoa shemeji yangu. Mara ya nne bwawa lilikuwa la futi kumi na mbili na Kwamboka alikuwa amezirai. Watu wameniheshimu. Msimamizi amenipa mkono.

Jioni bwawani Annonciata aliniuliza sherehe ilikuwaje, nikamsimulia na yeye. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama huyo mama aliyeruka bila kujua maji nimemshukuru. Nikamwambia hakuelewa hadithi, aliyeokolewa ni huyo mama. Akasema aa, akarudi kuogelea. Sasa anaogelea kifudifudi, na mikono. Wiki nne tu, na uzee wote ule.

Nilipofika nyumbani Kwamboka akapiga simu. Sauti ya furaha. Hatasimulia tena mambo ya mafuriko, amesema, kwa sababu sasa tumekuwa sawa. Na amejiandikisha darasa la watu wazima huko Houston. Amefundishwa kupuliza mapovu leo, siku ya kwanza, amefika hamsini, anapenda sana. Anataka tuogelee pamoja Labor Day, ile sikukuu ya wafanyakazi ya Septemba, mimi na yeye, upande mmoja hadi mwingine, familia yote ikitazama.

Hamsini, siku ya kwanza. Nilishika simu nikaona giza. Huyu mtu haniachii hata kitu kimoja. Kufikia Septemba atakuwa ameniacha mbali, na atasimama na maikrofoni, na mimi nitacheka tena.

Kwa hiyo nimemaliza na darasa la Darius. Aliyekwishaokoa mtu hapulizi mapovu na mabibi. Nimempigia simu usiku huu, nimemwambia aniandike moja kwa moja kozi ya waokoaji, ile ya fulana nyekundu na filimbi. Tuone Kwamboka atafanya nini akinikuta nimekaa kwenye kile kiti kirefu. Darius akasema kozi hiyo ina mtihani wa kuingilia, yadi mia tatu bila kupumzika.

Nikamuuliza bwawa la mtihani lina kina gani.